Siku Niliyomtetea Neema

Kwenye sherehe ya kuniaga mlinipa kipaza sauti, nikasema "Ahsanteni sana," nikakaa. Wengine mlidhani nimezidiwa na machozi. Ukweli ni kwamba pilau ilikuwa imeshapakuliwa, na katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kuona hotuba iliyoishinda pilau ya moto. Lakini niliahidi kwamba nitaandika. Sasa naamka asubuhi hapa Mabwerebwere sina sare ya kupiga pasi, basi naandika. Ya vyeo na mishahara nitayaruka. Haya ni ya kwenu ninyi mnaobaki hospitalini Kilosa, kwenye kile chumba cha mwisho wa veranda, chumba cha afya ya akili, ambacho wagonjwa wa malaria wakipita mbele yake huongeza mwendo hata kama wana homa.

Nilipelekwa pale kwa sababu nilikuwa mgeni, na mgeni hachagui. Mimi nilitaka wodi ya wazazi. Aliyenipokea ni Mzee Gervas, muuguzi mwenye mikono mipana ya mtu aliyelima milimani Vidunda kabla hajaenda chuo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye daftari, kisha akaniuliza kama nimeshakunywa chai. Nikadhani ni ukarimu. Kumbe alitaka kujua kama nitaanguka.

Kabla ya saa nne wakaja ndugu watatu, wafugaji wa huku tambarare, wamemleta mdogo wao amefungwa kamba mikono na miguu. Mzee Gervas akawaambia wamfungue. Hakuna aliyesogea. Akavuta kigoda, akakaa chini kuliko yule mgonjwa, akaanza kufungua mwenyewe fundo kwa fundo huku akimuuliza habari za ng'ombe: wangapi wamezaa, malisho yakoje, maji wananywesha wapi. Mimi nilikuwa nimeushika mlango, na siyo kwa ajili ya kuuzuia upepo. Fundo la mwisho lilipolegea, yule kijana alikuwa anajibu. Hakuwa amepona, tena katikati ya majibu alitutukana vizuri tu. Lakini alikuwa anajibu.

Baadaye nilifungua faili lake nikaandika jina la ugonjwa kwa herufi kubwa, kwa wino, kama mtu aliyetoka chuoni juzi. Mzee Gervas akasoma.

"Umekaa naye muda gani?"

"Saa moja, Mzee."

"Hata mchumba wako hujamjua kwa saa moja. Andika ulichokiona. Hajalala, andika hajalala. Anasikia sauti, andika amesema anasikia sauti. Hilo jina liandike kwa penseli, mpaka likatae kufutika."

Alinipa penseli yake. Wengi wenu mliniona nayo mkadhani ni ubahili wa kalamu.

Wakati ule watu wa mtaani walikuwa na maneno yao: kichaa, mwehu, punguani, akili zimeruka. Yaliuma, lakini yalikuwa yao. Sisi tulikuwa na ya kwetu ndani ya vitabu na mafaili. Simu zilipoingia, vijana wakaanza kusema fulani dishi limeyumba, na mimi nilicheka, kwa sababu madishi ya Kilosa kweli huyumba upepo ukivuma. Kisha maneno ya vitabuni yakatoka nje. Aliyeachwa na mchumba tangu juzi ana dipresheni. Mke anayeuliza ulikuwa wapi ni toksiki. Mtu akibadilisha kauli, ana baipola. Nikisoma mabishano ya watu mitandaoni naona kama kabati letu la dawa limevunjwa, kila mtu amejichotea kopo asilojua lina nini, na anamrushia mwenzake.

Hata kwenye grupu letu la kazini, mnakumbuka, kuna mtu alimwita mtunza stoo baipola kwa sababu Jumatatu alikataa kutoa glavu na Jumanne akazitoa. Nami niliweka kikatuni cha kucheka. Nalisema hili mapema ili msije mkadhani kwamba katika habari inayofuata mimi ndiye niliyekuwa na akili.

Sasa Neema. Hilo si jina lake. Amelichagua mwenyewe, na amesoma kila mstari wa habari hii kabla yenu. Ana mgahawa Mikumi, karibu na barabara kuu. Mara ya kwanza aliletwa kwetu baada ya kujifungua mtoto wa pili. Alikuwa hajalala siku nyingi, anaongea kama redio iliyokwama katikati ya stesheni mbili, amegawa nguo zake zote. Miezi michache baadaye akaletwa tena, safari hii haongei kabisa, hali chakula, ameugeuzia uso ukutani. Mzee Gervas alikuwa ameshastaafu, lakini nilifuata njia yake: niliandika nilichokiona, na muda ulipopita jina likakataa kufutika. Vitabu vyetu vinauita ugonjwa wa hisia mseto. Mtaani ndiyo hiyo baipola.

Alipata dawa, akapata nafuu, akafungua mgahawa, akaajiri wasichana wawili. Kila mwezi alikuja Kilosa kliniki, safari ndefu ya barabara ya vumbi inayopita kijiji chetu kiitwacho Ulaya, kwa sababu karibu na kwake angeonekana. Majirani aliwaambia anafuata mchele. Na kweli aliununua, ili uongo wake uwe na ushahidi. Dawa nilimtilia kwenye bahasha ya kawaida ya kaki. Waliojua siri hiyo ni dada yake Agnes na mimi. Basi.

Mimi nami kila mwezi nilikwenda Mikumi kutoa elimu ya afya. Mwenyekiti wa wafanyabiashara akaniunganisha kwenye grupu lao la simu ili wakiwa na swali waniulize. Waliuliza habari za presha na miguu kuvimba. Neema alikuwa katibu wa kikundi kile. Humo ndani tulipishana kama watu wasiojuana, na ndivyo ilivyotakiwa.

Ikaja amri kwamba vibanda vyote virudishwe nyuma, mbali na barabara. Neema akapewa kazi ya kuandika nani asimame wapi. Orodha ya kwanza aliipanga kwa kufuata nani alitangulia. Kikao kilipoona mama lishe wako mbali na bomba la maji, kikamwagiza apange upya. Katika orodha ya pili, fundi simu mmoja, Shabani, akapoteza kona aliyoipenda. Shabani ni kijana mwenye ulimi mwepesi, akiandika watu wote huacha kazi wasome. Akaandika:

"Juzi hivi, leo vile. Katibu wetu ana baipola. Mwenye dawa amsaidie."

Vikatuni vya kucheka vikamwagika. Mwingine akaandika dishi limeyumba. Mwingine akaweka picha ya mbuzi aliyevaa miwani, hadi leo sijaelewa kwa nini.

Nilikuwa ofisini, katikati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Nilijua Neema anasoma. Nikaona kwamba nikinyamaza nimeshiriki. Nikaandika haraka, kwa hasira, na niseme kweli, kwa majivuno kidogo:

"Ndugu zangu, mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Baipola si tusi, ni ugonjwa kama kisukari. Unatibika, na wenye nao wanafanya kazi na kulea watoto kama ninyi. Mwacheni Neema."

Niliisoma mara mbili nikaona tahajia iko sawa. Tahajia! Nikaituma.

Vikatuni vya kucheka vikakoma. Nilidhani ni aibu imewashika. Kisha ikaja sauti ya mama mmoja, ya polepole, haina hata ubaya ndani yake: "Haa, kumbe ni kweli. Sista mwenyewe kasema."

Nikaisikiliza tena. Nikasoma tena nilichoandika, na sasa nikakisoma kwa macho yao. Shabani alikuwa ametupa jiwe gizani bila kujua kuna mtu. Mimi nikawasha taa nikaonyesha lilipompiga. Nikafuta ujumbe, lakini ujumbe uliofutwa huacha alama kwamba kuna kitu kilikuwapo, na alama ile ikawa mbaya kuliko ujumbe wenyewe. Dakika chache baadaye simu ikaonyesha: Neema ameondoka.

Nilimpigia, hakupokea. Jumatano yake ya kliniki hakuja. Niliweka bahasha yake mezani mpaka jioni, nikairudisha kabatini. Wiki iliyofuata nikapanda basi kwenda Mikumi.

Mgahawa ulikuwa wazi lakini meza zilikuwa tupu, saa saba mchana, saa ambayo kwa kawaida madereva hugombania viti. Agnes alikuwa anafunika masufuria. Neema alikuwa amesimama kwenye meko. Aliniamkia shikamoo, maana adabu haijamtoka hata siku moja, kisha akaniuliza:

"Sista, uliapa au hukuapa?"

"Niliapa."

"Mimi miaka yote nabeba mchele nisioutaka. Wewe kwa mstari mmoja umeniuza."

"Nilitaka kukutetea, Neema."

"Nilikuomba?"

Akaniambia dawa ameacha. Akizinywa, alisema, atakuwa amekubali kwamba Shabani alisema kweli. Nikamweleza hatari yake kwa sauti ya kliniki, ile sauti yetu ya upole, na nikaona uso wake unavyojifunga. Akachukua mwiko akageukia sufuria. Agnes akanisindikiza hadi nje, akanong'ona, "Watu wanasema hawali chakula cha mgonjwa wa akili, Sista. Wanasema atasahau atatia sumu." Nikampa namba yangu nyingine. Nikarudi Kilosa nikiwa nimekaa kiti cha dirishani bila kuona kitu nje.

Siku kadhaa baadaye, asubuhi, Agnes akapiga. Neema halali. Amegawa masahani. Anaimba, anacheka, anawalisha wapita njia bure na kuwafukuza wale wanaoshukuru. Nikaomba ruhusa, nikachukua begi la dawa, nikasafiri. Nilipofika mgahawani mchana, Agnes alikuwa amesimama barabarani peku.

"Ametoka, Sista! Anasema anakwenda Morogoro kwa miguu kukushitaki. Wewe na Shabani. Ameshika barabara ya hifadhini."

Mnaijua barabara ile. Ukitoka Mikumi kuelekea Morogoro unaingia hifadhini, na magari makubwa hupita katikati ya wanyama. Hakuna nyumba, hakuna mtu wa kumwomba maji. Nyati hawana habari na ugomvi wa grupu.

Nikatafuta pikipiki. Kijiweni hapakuwa na hata moja, bodaboda wote walikuwa wamepeleka abiria. Iliyokuwapo ilikuwa moja, imeegeshwa mbele ya kibanda cha fundi simu. Shabani alikuwa ameketi na bisibisi mkononi. Aliponiona alisimama.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Washa pikipiki. Neema yuko hifadhini kwa miguu."

Sikumweleza zaidi. Akaacha simu ya mteja imefunguliwa mezani, skrubu zikiwa zimetawanyika, akawasha. Nikapanda nyuma, begi tumboni. Nilikuwa nimeshika koti la kijana ambaye wiki zile nilikuwa nikimchukia, na sikuwa na kingine cha kushika.

Tulimwona mbali, mbele ya lori. Lori lilikuwa linatembea mwendo wa mtu, taa za hatari zinawaka, na mbele yake hatua chache Neema anatembea katikati ya lami, mwiko mkononi, khanga inaburuzika. Dereva wa lori alikuwa ameamua kumkinga. Magari ya nyuma yalipiga honi, yeye hakusogea. Basi moja likatupita kando, na madirishani niliona simu zimenyooshwa zinapiga picha. Upande wa kushoto, kwenye majani, kundi la nyati lilikuwa limesimama linatutazama, vichwa vimeinuliwa.

Nikashuka. Nikamwambia Shabani azime pikipiki na asisogee. Nikamzunguka Neema kwa mbali ili anione nikija kwa mbele, nikafika pembeni mwa barabara, nikakaa chini. Lami ilikuwa ya moto kama kikaango.

"Neema. Ni mimi."

Alisimama. Macho yake yalikuwa makubwa, midomo imekauka hadi imepasuka. "Sista! Umekuja kuwaambia na hawa? Waambie! Mwambie dereva! Waambie nyati!" Akacheka, na kicheko kile kikakatika kama uzi. "Nakwenda kushitaki. Usinizuie."

Akili yangu ilinipa uongo mwingi wa haraka. Ningeweza kumwambia mkuu wa mkoa yuko Mikumi anamsubiri. Mgonjwa wa siku ile angeamini. Lakini nilikuwa nimeshamgharimu mara moja, na nilijua kwamba atakapopona atakumbuka kila neno. Wanakumbuka. Hilo mlishike.

"Sikuzuii," nikasema. "Kushitaki ni haki yako. Nilikukosea. Si Shabani, mimi."

"Sema kwa sauti."

"Nilikukosea, Neema!" Nikapiga kelele barabarani, mtu mzima na nywele zangu za mvi. Dereva wa lori akachungulia. Nyati mmoja akapiga hatua mbele.

"Hujalala siku ngapi?" nikamuuliza.

"Tatu. Nne. Kulala ni kwa watu wasio na kesi."

"Aliyelala hushitaki vizuri zaidi. Twende ukapumzike, na ukiamka nitakuandikia mashitaka kwa mkono wangu. Jina langu nitaliandika juu."

Akaelekeza mwiko kwa Shabani, ambaye alikuwa amebaki pale nilipomwacha, ameishika pikipiki kama mtu anayeshikilia mlango.

"Na huyu?"

Shabani akajibu pale pale alipokuwa. "Dada Neema, mimi lile neno sikulijua maana yake. Nilidhani ni kigeugeu tu. Haki ya Mungu."

"Hukulijua? Ulilitoa wapi?"

"Kwenye simu."

Neema akakaa chini katikati ya barabara, akaanza kulia. Alilia kwa nguvu, mabega yanaruka, na mimi nikasogea kwa makalio kwenye lami ile mpaka nikamfikia, nikamshika mkono. Hakuuondoa. Nyati walikuwa wameanza kusogea kuelekea barabarani. Dereva akafungua mlango wa lori akasema kwa utulivu kabisa, "Mama zangu, pandeni humu. Wale hawana subira."

Tukampandisha, mmoja kila upande. Lori lisingeweza kugeuza pale, kwa hiyo Shabani akarudi Mikumi kutafuta gari dogo, na sisi tukakaa tukingoja ndani, milango imefungwa, nyati wakipita mbele ya bampa mmoja baada ya mwingine. Mara mbili Neema alishika kitasa cha mlango. Mara zote mbili dereva, mtu ambaye jina lake sikuwahi kuuliza na najuta, alimuuliza swali la kupika: nyama ya ng'ombe mzee unailainishaje, wali ukishika chini unaokoaje. Na mara zote mbili Neema aliacha kitasa ili ajibu, kwa sababu namna dereva alivyosema yeye hupika ilikuwa makosa matupu. Nimesoma vitabu vingi vya taaluma yetu. Sijakutana na mtu aliyefanya kazi ile vizuri kuliko dereva yule.

Shabani akarudi na gari, Agnes yumo ndani. Kabla ya safari ya Kilosa nilimwonyesha Neema sindano, nikamtajia jina la dawa na itakachomfanyia, nikamuuliza. Akatoa mkono mwenyewe. Alisinzia kabla ya Ulaya, kichwa begani kwa dada yake. Shabani, kwenye kiti cha mbele, alikuwa ameinamia simu. Picha ya video ilikuwa imeshaingia kwenye grupu: mwanamke barabarani na mwiko, na chini yake mtu ameandika lile lile neno lake. Akampigia mwenyekiti. Nilimsikia akisema, "Mzee, ifute. Mimi ndiye niliyeanza. Nakuomba ifute." Ikafutwa pale. Kwingine ilikokwenda, Mungu ndiye ajuaye.

Neema alilazwa wiki kadhaa. Siku alipoweza kuketi na kunywa uji bila kutetemeka, nilikwenda na karatasi. Nikamwambia, "Nimekuja kuandika." Baadhi ya mambo ya barabarani alikuwa ameyasahau, ahadi hakuisahau. Alisema, nikaandika kwa wino, neno kwa neno, hata palipoumiza. Alipofika kwenye "aliniuza," nilisimamisha kalamu. Akaniambia, "Andika, Sista." Nikaandika. Akatia sahihi, na mimi nikatia ya kwangu chini kwamba yote ni kweli, nikaipeleka kwa mganga mfawidhi kwa mkono wangu. Niliitwa, nikahojiwa, nikapewa barua ya onyo. Ipo kwenye faili langu. Wale mliokuwa mkijiuliza kwa nini mwaka ule sikuja kwenye picha ya watumishi bora, sasa mmejua.

Neema akaomba pia abadilishiwe muuguzi. Nilimkabidhi kwa mmoja wenu, nikatoka chumbani ili waanze vizuri. Veranda ile niliitembea mara nyingi, lakini siku ile ilikuwa ndefu. Tangu hapo, Jumatano zake, nilijipa kazi wodi nyingine. Hakuniambia nifanye hivyo. Niliona tu kwamba mtu ana haki ya kukaa kwenye benchi bila kunitazama.

Shabani alikuja kliniki mara moja, peke yake. Aliuliza afanye nini. Nilikuwa na hotuba nzima tayari, ya elimu kwa jamii, mabango na semina. Nikaimeza. Nikamwambia akamuulize Neema. Akaenda, na nilivyosikia kwa Agnes, Neema alimjibu kwamba aje ale. Basi. Aje ale, saa saba, saa ya watu wengi, meza ya mbele. Shabani akala pale kila siku kwa miezi. Mwanzoni alikula peke yake. Baadaye madereva wakaona mtu anakula na hafi.

Mwezi uliopita, kwa mara ya kwanza tangu nistaafu, nilipita Mikumi nikielekea Kisanga kumwona shemeji yangu. Basi lilisimama. Nilisimama nje ya mgahawa muda mrefu, kama mtu anayesoma menyu, na menyu yenyewe haikuwapo. Neema akanitazama kutoka kwenye meko.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, Neema."

"Kuna wali na mbuzi. Kaa."

Nikakaa. Palikuwa pamejaa. Meza ya jirani kulikuwa na vijana wawili wageni, wenye mashati ya mjini, wanalalamikia mvua: asubuhi jua, mchana mafuriko. Mmoja akasema kwa sauti, "Hali ya hewa ya huku ina baipola kabisa!"

Vijiko vikasimama. Agnes aliacha kumwaga mchuzi. Yule kijana akageuza shingo akitafuta kosa lake, asilione. Mimi nilijua la kusema. Nilikuwa nalo lote, kwa mpangilio, na tahajia iko sawa. Nikafumba mdomo, nikaishika sahani yangu kwa mikono miwili.

Neema alifunika sufuria, akafuta mikono kwenye khanga, akaenda mpaka kwenye meza yao.

"Mimi ninayo," akasema. "Na ninakunywa dawa. Hiyo mvua yako inakunywa dawa gani?"

Kijana akababaika. "Samahani, dada. Sikujua..."

"Sasa umejua. Nikuongeze mchuzi?"

Akamwongezea. Vijiko vikaanza tena, kimoja, viwili, kisha vyote. Aliporudi kwenye meko alipita karibu na meza yangu bila kusimama, na kwa sauti ya chini, sauti niliyoisikia mimi peke yangu, akasema:

"Kula, Sista. Chakula kinapoa."